Fimbo ya Mkwe Wangu na Meza ya Bilyadi

Meza ya bilyadi ililetwa Dodoma kwa gari moshi, na tuliipakua sisi wa karakana ya reli, watu kumi na wawili, tukaiweka katika nyumba walimokuwa wakikutana Wajerumani kunywa na kucheza. Ilikuja na fimbo sita za kugongea mipira. Kiangazi cha kwanza tu, fimbo zote sita zilipinda. Mti wa kwao ulikuwa haujaonja upepo wa Ugogo.

Mimi nilikuwa seremala wa karakana. Babu yangu alikuja huku na misafara ya pembe za ndovu akabaki, nami nilioa kijiji cha Mkonze, kwa Wagogo, kwa mzee mmoja mfugaji aliyenipokea bila kunidharau. Nayasema haya ili ieleweke nilimkosea nani.

Msimamizi wetu, Mjerumani mfupi mwenye shingo nyekundu, aliniita barazani akanipa fimbo moja iliyopinda. "Tengeneza kama hii. Sita. Siku kumi."

Nikaiviringisha juu ya meza. Iliruka kama kiwete. Nikaitazama ncha: kipande cha ngozi kidogo kuliko ukucha wa gumba, kimebanduka kwa sababu gundi ilikuwa imekauka na kupasuka. Sikuwa nimewahi kuucheza mchezo ule, lakini kazi ni kazi, na nakiri ilinivutia. Kwa siku tatu nilijaribu ngozi. Ya mbuzi ilikuwa laini, ikitandazika baada ya mapigo machache. Ya kiboko ilikuwa ngumu mno, mpira ukiteleza na kwenda unakotaka wenyewe. Mwisho nikachukua ngozi ya shingo ya fahali, nikaigonga kwa nyundo mpaka ikashikana, nikaikata mviringo, nikaibandika kwa gundi ya kwato. Hiyo ilitulia. Ukiipaka chokaa, mpira ulitii.

Tatizo likabaki mti. Mninga ulifaa kwa kitako cha fimbo, mahali pa kushika, lakini ukiuchonga mwembamba kwa mbele unavunjika. Mkole ndio wenye nguvu na mnyumbuko, ila mkole mbichi utaunyoosha leo, kesho umepinda. Unataka kukaushwa taratibu, kivulini, misimu na misimu.

Nilimweleza msimamizi. Akapiga meza kwa kiganja.

"Mvivu! Kila kitu kesho, kesho! Unataka hamsa ishirini?"

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano, na kila mtu mjini alijua jinsi vinavyolia. Lakini si hofu iliyonifungua mdomo. Ningesema ni hofu ningekuwa nadanganya. Ilikuwa ni kiburi. Neno lile, mvivu, lilinichoma, nikataka ajue kwamba najua mti kuliko yeye.

"Bwana," nikasema, "mkole mkavu si kitu cha siku kumi. Mkwe wangu kule Mkonze ana fimbo ya kutembelea iliyokaushwa juu ya moshi wa nyumba yake ya tembe kabla mimi sijazaliwa. Imenyooka kama reli. Mti kama huo ndio unaofaa."

Akanitazama, kisha akacheka. "Vizuri. Basi tunao mti."

Kesho yake asubuhi askari wawili walikwenda Mkonze. Saa sita mchana walirudi, mmoja ameshika fimbo ya mzee begani kama bunduki. Mzee mwenyewe aliwafuata nyuma kwa miguu, njia yote, mikono mitupu. Akasimama mlangoni mwa karakana.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Hakuitikia. Aliniuliza kwa Kigogo, polepole: "Wanasema fundi ndiye aliyewaelekeza. Fundi gani?"

"Ni mimi, baba."

Akaitazama randa mkononi mwangu. Kisha akageuka akaenda zake.

Karibu na kichwa cha fimbo ile palikuwa na alama saba alizochonga kwa kisu, moja kwa kila mtoto aliyemzaa. Ya nne ilikuwa ya mke wangu. Hapakuwa na njia ya kuziacha, fimbo ya bilyadi haitaki hata mkwaruzo. Msimamizi alisimama nyuma yangu muda wote, anavuta biri, na mimi nikasukuma randa. Alama zikaondoka na maganda membamba. Nikaunganisha kitako cha mninga, nikalainisha kwa msasa, nikabandika ngozi. Mikono yangu, laana iwe juu yake, haikukosea hata mara moja. Ilikuwa fimbo nzuri kuliko zote sita za Ulaya.

Jumapili alasiri niliitwa barazani. Msimamizi alikuwa amewashinda wenzake wote. Alikuwa amelewa kidogo na mwenye furaha. Akainyanyua ile fimbo mbele yao. "Huyu ndiye fundi! Fundi safi! Sasa utengeneze tano nyingine. Wazee wenye fimbo wako wengi huko vijijini, si ndiyo?"

Wakacheka wote. Damu ikanipanda kichwani hata nikawa siwaoni sawasawa.

"Bwana, hiyo ni fimbo ya mtu," nikasema. "Umeshacheza nayo. Mrudishie."

"Mwambie akate nyingine. Nchi imejaa miti."

"Basi hizo tano zikate wewe. Mimi sitengenezi."

Kicheko kikakatika. Alinisogelea mpaka nikanusa pombe. "Unasema nini?"

"Sitengenezi."

Nilipata zile hamsa ishirini Jumatatu, mbele ya wenzangu wa karakana, na baada ya hapo nikaondolewa kwenye useremala nikapelekwa kubeba mataruma, yale mazito yanayolazwa chini ya reli. Nilibeba miezi minane. Nilikuwa nikiamka na hasira, nakula na hasira, na kila niliposikia mipira ikigongana ndani ya nyumba ile nilitamani paa liwaangukie.

Mgongo ulipopona kiasi cha kutembea mbali, nilikwenda Mkonze. Nilidhani, nasema kweli, kwamba makovu yangu yangenitetea. Nikamweleza mkwe wangu yote. Akasikiliza.

"Wamekupiga vibaya," akasema. "Pole. Lakini wao walikuwa hawaijui fimbo yangu. Wewe ulikuwa unaijua."

"Nilikataa mbele yao, baba!"

"Ulikataa zile tano."

Nilitoka pale nikamkasirikia hata yeye. Nilitembea mpaka nyumbani nikizungumza peke yangu njiani kama mwehu, nikiyajibu upya maneno yake.

Baadaye nilimchongea fimbo mbili za mkole, nimezikausha mwenyewe juu ya moto wetu. Ya kwanza aliwafukuzia mbuzi mpaka ikavunjika. Ya pili alimpa jirani. Mke wangu alinisamehe mapema, kabla sijaacha kubeba mataruma, akaniambia nikome kuomba radhi kila siku maana namchosha. Mzee aliitikia salamu zetu vizuri, alikula kwetu, aliwapakata wajukuu. Ila alitembea mikono mitupu hadi alipofariki, na kila nilipomwona akishuka njia ya Mkonze hivyo, nilimtukana yule msimamizi kwa sauti, hata kama nilikuwa na wageni.