Mwiko wa Kidonge Kimoja

Mwezi wa tano, 1964, siku ya Jumatano. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikakatika ghafula, mawingu yakabaki yamekalia milima ya Uvira. Hayo tu ndiyo niliyoandika kwenye kaye yangu siku ile. Mengine nayatoa kichwani, na shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza niliibeba bila damu ya kutosha: nilianguka mara mbili njiani kwenda kuchota maji, na mtoto akaishi siku nne. Kwa hiyo safari hii nilikwenda materniti mapema. Mama muganga alinifunua jicho kwa chini, akatikisa kichwa, akanipa mukebe wa vidonge vyekundu vya kuongeza damu.

"Kimoja kwa siku, ukiisha kula," alisema. "Usikimeze na chai, chai inakizuia. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Ukisahau leo, kesho ni kimoja tu, si viwili. Na uvifiche watoto wasivione. Watadhani ni bombo tamu za kulamba, na vikiwa vingi ni sumu, hata kwako weye."

Nilimrudishia maneno yake yote mara mbili, mpaka akacheka.

Ndipo vita ya maasi ikasogea. Sisi tulikaa Rugenge, kule bondeni, na mume wangu alikuwa amevuka mpaka kwenda Bujumbura kutafuta kazi, asiweze kurudi. Ilisemekana askari wa serikali wanaingia manyumbani wanachukua wanachotaka. Basi watu wakaanza kula mali yao. Sisemi mzaha. Walichinja hata kuku wanaotaga, wakapika hata mpunga wa mbegu, kwa sababu kilicho tumboni hakiporwi. Kwetu kazi hiyo aliisimamia mama mkwe wangu. Siku tatu tulikula kama watu wa arusi.

Jumatano ile, tukifunga mizigo kwenda kwao Runingu, mama mkwe aliuchukua mukebe wangu akautikisa.

"Mukamwana," akaniita, "na hivi?"

"Ni vya damu, mama."

"Najua. Meza vyote sasa, uvibebe ndani. Barabarani watakunyang'anya."

"Hapana, mama."

"Hapana gani? Kuku umekula, mbegu umekula, vidonge ndiyo unaogopa?"

"Vingi ni sumu."

"Aa! Kama vingi ni sumu, basi hata kimoja ni sumu kidogo. Minye nilizaa tisa bila mukebe!"

Nimpe haki yake: tisa alizaa kweli, na saba walikuwa hai. Mimi nilikuwa na kaburi moja. Nani angesema kwamba mwenye akili ni mimi? Hata nilijiuliza kama mama muganga alisema vile kwa sababu dawa ilikuwa haba. Lakini aliponiambia neno sumu hakuwa anacheka, hilo nililikumbuka vizuri. Nikala uji, nikameza kimoja mbele ya mama mkwe, nikaufunga mukebe kiunoni ndani ya kitenge.

"Wakinyang'anya, wanyang'anye," nikasema. "Minye simezi."

Tangu niolewe sikuwahi kumkatalia kitu. Alijitwika mzigo wake akatangulia bila kuningoja.

Tulipokaribia Runingu tulikuta mti umelazwa barabarani, na vijana watatu wa maasi wamesimama nyuma yake. Walikuwa wamechanjwa dawa ya kuzuia risasi, na bondeni hata watoto walijua miko yao, mmojawapo kwamba wasiguse mwanamke. Mkubwa wao alitunyoshea mkuki kutoka mbali.

"Ile kitu inalia mu kitenge ni nini?"

"Vidonge vya mimba."

"Vya wazungu? Iko sumu hiyo."

"Haiko sumu."

"Kama haiko sumu, meza yote hapa, tuone."

Nikamsikia mama mkwe anavuta pumzi. Yalikuwa maneno yake mwenyewe ya asubuhi, sasa yanatoka kwa mwenye mkuki. Sitajisifu, niliogopa. Lakini nilikuwa nimekwisha kumkatalia mama mkwe, na hakuna mtu niliyemwogopa kama yeye.

"Cha leo nimemeza," nikasema. "Cha kesho ni cha kesho. Ukitaka kuona, nitafute kesho."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akaukamata mkuki kwa mikono miwili.

Mama mkwe akapita mbele yangu.

"Weye mutoto, ile siku ya kuchanjwa walikuchanja mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mbona hukuomba kumi, uwe na nguvu ya watu kumi?"

"Mama! Dawa iko na mwiko."

"Ehe! Na hii mwiko wake ni kimoja kwa siku. Unataka mwenye mimba auvunje kwa amri yako, kisha hiyo damu ikufuate mpaka vitani?"

Mama mkwe akaninyoshea kiganja. "Nipe kimoja. Huyu anaogopa sumu." Akakimeza bila maji, akakunja uso, akaketi juu ya ule mti wao kama mtu anayesubiri mgeni. Wakamtazama muda mrefu. Hakufa. Mkubwa wao akatuonyesha njia kwa mkuki.

Niseme na hili: hawakuchukua kitu chetu hata kimoja. Wale askari nao hatukukutana nao, kwa hiyo siwezi kuapa wangetufanya nini. Na mtoto alipozaliwa akalia mpaka majirani wakaamka, sikuapa kwamba ni vidonge. Ninachojua ni kwamba nilivimaliza, kimoja kimoja, na watu wawili waliotaka nivimeze vyote hawakunipata.

Siku ile ile, tukiwa tunaingia Runingu, nilimwambia mama mkwe, "Mama, kesho ukiona choo cheusi usiite watu."

"Nyamaza, weye," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Jioni, kwa ndugu yake, tulikula bugali ya muhogo, sombe ya majani yake bila mafuta, na ndagala zilizokaushwa, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama mkwe alizichagua ndagala zake moja moja, akazihamishia upande wangu wa sahani.

"Kula," akasema. "Hizi haziko na mwiko."