Shamba Lililokula kwa Jirani

Kifua Mbele alikuwa mtu ambaye kifua chake kilifika mahali kabla yake. Jina hilo hakupewa na mamaye. Alibandikwa na mlima mzima, naye akalipenda, maskini, akidhani ni sifa.

Baba yao alipofariki, shamba la mlimani liligawanywa vipande viwili. Yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa, akachagua kipande cha chini. Mdogo wake akaachiwa cha juu, mteremko ambao ukidondosha kiazi, unakifuata bondeni. Kila kiangazi mdogo mtu alijitwika kikapu cha samadi ya mbuzi, akapanda nacho, jasho na majimaji ya mavi vikimchuruzika mgongoni. Mvua zikija zinaizoa samadi yote, pamoja na udongo wake, zinamshushia kaka mtu bure. Kifua Mbele hakuwahi kutia konzi moja ya mbolea tangu azaliwe. Na mahindi yake? Kijani cha kukaribia weusi, mabua manene kama mkono wa mwashi.

"Siri ni mkono," aliwaambia wapita njia, akiuinua wauone vizuri. "Kuna mkono wa kulima na mkono wa kubebea mavi. Sivyo, Bwana Mavi?"

"Ndivyo, kaka," alijibu mdogo wake, na kikapu kichwani.

Mwaka mmoja mke wa mdogo alikuja na bakuli kuomba mahindi. Kifua Mbele akachota yaliyobunguliwa, akayamwaga chini, miguuni pake.

"Okota, shemeji. Kuku wangu wameyakataa."

Shemeji akaokota yote. Mke wa Kifua Mbele aliona aibu mpaka akaingia ndani.

Kiangazi kilichofuata, mdogo mtu hakuanza na kikapu. Alianza na jembe. Akachimba mitaro ya kukata mteremko, huku udongo akiurusha upande wa chini uwe tuta, na juu ya kila tuta akapanda majani ya ng'ombe, manene, ya kushika udongo kwa mizizi. Kifua Mbele alikuja kukaa juu ya jiwe, anatafuna muwa, anatazama mtu akifa na kazi.

"Dogo, unachimba makaburi ya ukoo mzima? Langu lipanue, kifua hiki hakitoshi humo."

Mvua zikaja. Maji yakafika kwenye mitaro, yakasimama, yakanywewa na ardhi pale pale. Samadi ikabaki kwa mwenyewe. Chini hakikushuka kitu.

Mahindi ya Kifua Mbele yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza umanjano kutoka nchani, ukafuata uti wa katikati mpaka kwenye bua. Akamtukana muuza mbegu. Halafu akasema amerogwa.

"Nani akuroge wewe?" mkewe alimuuliza, naye ndiye aliyepalilia shamba lile miaka yote. "Shamba letu lilikuwa linakula kwa jirani. Tumeshiba mavi ya shemeji hatujasema hata asante. Sasa kafunga mlango. Beba samadi, mume wangu, mahindi bado madogo, yataamka."

"Mimi? Nijitwike mavi, watu wananiona?"

"Basi sikiliza. Unga ukiisha, kwa yule mwanamke uliyemmwagia mahindi miguuni siendi kuomba. Nachukua wanangu, naenda kwetu."

Bwana mkubwa akapanda juu, siyo kuomba, kuamrisha.

"Dogo, fungua hivyo vimtaro. Maji ya Mungu unayafungia?"

"Maji chukua, kaka. Mavi yangu niachie."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na mwenye mkono wa kulima. Si ulime?"

Shemeji alikuwa mlangoni, akacheka kwa sauti, wala hakuziba mdomo.

Alasiri moja wingu likajaa juu ya kilele, na mdogo mtu hayupo, kaenda mnadani. Kifua Mbele akachukua jembe, akalipasua tuta la chini kabisa, katikati, pengo la kupita mbuzi. Mvua ikashuka. Akasimama kwenye ukingo wa shamba lake, mikono kiunoni, anasubiri chakula cha mahindi yake.

Kwanza yalipita maji ya mtaro ule mmoja. Kisha tuta la juu yake, lililokuwa limeegemea udongo wa hilo lililopasuliwa, likalainika, likakatika. Na lililofuata hivyo hivyo. Maji ya mitaro hiyo yote yakakimbilia pengo moja. Zamani maji yalishuka yametawanyika, taratibu, yanaacha tope. Haya yalishuka yamekusanyika, yakachimba. Yakayang'oa mahindi kwa mistari, yakabeba udongo wa juu wote mpaka mtoni, yakamwachia korongo la kufika kiunoni na mawe meupe kama meno.

Mdogo wake alirudi, akatazama matuta yaliyobomoka, akatazama jembe mkononi mwa kaka yake. Nyayo za kaka zilikuwa bado na tope la matuta.

"Yangu yatazibika," alisema. "Mitaro iliyobaki inatosha kunilisha. Wewe utapanda nini kwenye mawe?"

Unga ukaisha. Mkewe akamwambia mbele ya watoto: "Nenda kabebe samadi kwa mdogo wako, anatafuta mtu, analipa mahindi. Au nifunge mzigo?"

"Bora nife!"

Hakufa. Mzigo ukafungwa, watoto wakatangulia, nyumba ikabaki na mwangwi wa kikohozi chake mwenyewe. Njaa ilipomkaba sawasawa, kile kifua kikaingia ndani, akapanda mlima. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemkabidhi kikapu, akamwonyesha zizi kwa kidole.

Alipopata gunia lake la kwanza, akamtuma dada yake akamrudishe mkewe, amwambie sasa chakula kipo. Dada akaenda, akarudi peke yake.

"Kasemaje?"

"Hajasema. Nilimwambia chakula kipo, na unakipataje. Akacheka."

"Akacheka, halafu?"

"Halafu akawaita watoto, nikawasimulia na wao."