Kurudi Saa Kumi kutoka Kisiwa cha Mbiye

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa hoteli yetu ya Makiso, katikati ya mji, alinikabidhi filimbi na kaye ya safari, yaani daftari la kuandika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Maporomoko ya Wagenia, alisema, kila mgeni anayajua kabla hajashuka kwenye ndege. Kazi yangu ya kuongoza wageni ilikuwa kuwapeleka wasikokujua. "Guide anayechelewa si guide," aliniambia. Nikalishika neno hilo kama katekisimu.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mnadhani tulikuwa na watalii. Vita vilipokuja walitoweka. Wakabaki wafanyabiashara wa Kivu waliokwama mjini, na wao pia, Jumapili baada ya misa, walitaka kupumua. Niliwapeleka Mto Lindi, na zaidi Kisiwa cha Mbiye, msitu mzima katikati ya mto mkubwa unaopita mjini kwetu.

Jumapili moja nilimpeleka huko Mama Kavira, muuza vitenge, na mume wake. Niliandika: kurudi saa kumi. Mpiga kasia alikuwa Papa Alimasi, wa familia za wavuvi wa maporomoko. Tulikuwa tunamalizia liboke, samaki wa kupikwa kwenye majani, mizinga ilipoanza kulia upande wa mji.

Mama Kavira alikuwa ameacha watoto watatu kwa dada yake, mtaa wa Kabondo, mjini. Alilia akiomba turudi. Niliwafikiria watoto, kweli, lakini naona aibu kukiri kwamba nililifikiria daftari pia. Nikampulizia Papa Alimasi filimbi aisukume pirogi, mtumbwi wake, majini.

Kwa wavuvi wale abiria haamrishi safari, hata awe mkubwa kiasi gani. Mzee alilichukua kasia akalilaza mchangani. Kwao, hiyo ni kusema hakuna safari.

"Mama, ku mji guide iko wewe," aliniambia mimi taratibu. "Ku mayi, chef iko miye. Bale batoto banangoja mama muzima. Bon, tunabakia."

Majini mkubwa alikuwa yeye, si mimi; nilikasirika hadi nikakosa usingizi. Dada wa Papa Alimasi, aliyeishi kisiwani, alitulisha na kutulaza siku tatu bila kutuuliza lolote. Siku ya nne kulipotulia tulivuka, tukakuta gati ambapo tungeshukia limebomolewa. Watu wa pale walituambia makombora yaliangukia hapo Jumapili ile, kwenye saa kumi.

Watoto walikuwa wakimngoja mama yao ufukoni, wote watatu hai. Mama Kavira alinikumbatia mimi, huku aliyestahili akiwa bado anafunga pirogi yake. Meneja alilichukua daftari bila kunigombeza, na kwenye nafasi ya saa ya kurudi akaandika kwa mkono wake neno moja: Wote.

Nilipostaafu waliniuliza nataka zawadi gani. Niliomba kupelekwa Mbiye na Papa Alimasi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini mto aliujua kwa miguu yake, akisimama ndani ya pirogi. Namshukuru Mungu kwamba nilimkuta hai, nikamwambia asante niliyochelewa kuisema miaka yote ile.

Aliisukuma pirogi, akacheka, akanitania: "Mama guide, tunarudia saa ngapi?"

Filimbi nilikuwa nimeiacha nyumbani.

"Papa," nikamjibu, "chef iko wewe."