Barua ya Arobaini na Mbili ya Mama Faili

Ofisini walimwita Mama Faili, na kwa kuwa jina hilo lilitamkwa kwa heshima kuliko dhihaka, aliliacha limkae. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa masjala, chumba kirefu chenye dirisha moja na kabati za chuma kuta zote, na haikutokea barua iliyopita mikononi mwake ikapotea. Mumewe alikuwa fundi wa kukata vigae. Siku za kazi alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi. Jumamosi mchana alijifungia stoo na gitaa lake la umeme, pamoja na rafiki yake fundi friji aliyepiga ngoma, wakaporomosha muziki wa metali, ule mzito wa gitaa zinazonguruma, mpaka vikombe vya kabatini vikagongana.

"Shoga, unaishije na makelele yale?" jirani alimwuliza.

"Nimezoea," alijibu, na halikuwa jibu la kweli. Ukweli ni kwamba mumewe aliingia stoo amekaza mwili kama kamba iliyovutwa, akatoka mwepesi, akaosha mikono, akauliza habari za kila mtu. Kwa Mama Faili sauti ile ilikuwa ndiyo utulivu wa nyumba. Hakuwahi kumweleza mtu jambo hilo, maana hakuwa na hakika kwamba angeeleweka, wala kwamba alikuwa anajielewa mwenyewe.

Kisha daktari wa masikio akawaambia kwamba sikio la kulia la mumewe lilikuwa limekwisha na la kushoto lilikuwa njiani: mwaka mmoja, pengine miwili.

"Ni huo muziki wako, mzee," daktari alisema.

"Muziki ni saa tatu kwa wiki, daktari. Msumeno wa vigae saa kumi kwa siku. Mbona msumeno haulaumiwi?"

 Mwaka huo mumewe na fundi friji walikuwa wameweka wimbo wao mmoja mtandaoni, na waliousikiliza walikuwa wao wenyewe.

"Nikiubonyeza mwenyewe ni sawa na kujipigia simu," alisema walipokuwa wakirudi nyumbani. "Nataka siku moja niwe nimekaa zangu, nyimbo za watu zinapita, mara na huu unaingia. Wenyewe tu. Wakati bado nasikia."

Hakulirudia neno hilo. Mkewe ndiye aliyelibeba.

Binti yao, aliyekuwa akisoma chuo, alimweleza kwamba wapo watu wa kawaida kabisa wanaotunza pleilisti, yaani orodha za nyimbo mtandaoni, kila mmoja na za aina yake, na ipo tovuti ya kuwapelekea maombi: unajaza fomu, unaandika maelezo mafupi, na fomu yenyewe inachagua mtunzaji wa kuipokea kulingana na majibu yako.

"Ila mama, tafadhali, usiandike kiofisi."

Aliandika kiofisi. Hakujua namna nyingine ya kumwomba mtu kitu kwa heshima. Alifungua faili la kijani, akaipa kila barua namba ya kumbukumbu, na chini yake: *Yah: Ombi la Nafasi ya Wimbo Mmoja*. Alipeleka barua arobaini na moja. Nyingi hazikujibiwa. Tisa zilikataliwa: mtunzaji mmoja alitaka kasi zaidi, mwingine aliona ngoma zimerekodiwa ndani ya debe, mwingine aliandika "Hapana" bila hata nukta. Alizichapa zote, akazitoboa, akazifunga failini.

Kwenye fomu palikuwa na swali: wimbo unamfanya msikilizaji ajisikieje? Visanduku vilikuwa vinne: hasira, nguvu, huzuni, utulivu. Mara arobaini na moja alitia alama penye nguvu, kama binti alivyomwelekeza. Mara ya arobaini na mbili mkono ulisita. Alijiuliza kama hakuwa ametoa maelezo ya uongo muda wote huo. Akatia alama penye utulivu.

Siku ya tatu jibu lilikuja: *Nimesikiliza mwanzo wake, unapendeza mno. Nimeuweka.* Wimbo ulianza na gitaa peke yake, polepole, kwa dakika nzima na zaidi, kabla ya ngoma kushuka. Ndipo Mama Faili aliposoma jina la pleilisti: Usingizi wa Kichanga. Wafuasi mia tatu na kumi.

"Mama!" binti alishika mbavu. "Umewapelekea wazazi wa vichanga metali!"

Wajibu wake ulikuwa wazi: kosa la masjala husahihishwa saa ileile. Lakini mumewe alikuwa sebuleni, ameketi, na sikio la kushoto lilikuwa bado linasikia. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, alichelewesha barua kwa makusudi.

Alikwenda akawasha spika. Zikapita kinanda, mvua ya bandia, filimbi.

"Huu muziki wa nini, mke wangu? Wa kusubiria sindano?"

"Tulia wewe, usikilize."

Gitaa likaingia. Mumewe aliinua kichwa, akageuza shingo ili sikio la kushoto lielekee spika.

"Hiyo ni..."

 Ngoma ziliposhuka, vikombe vikaitikia kabatini, naye akaweka kiganja juu ya goti la mkewe akapiga mapigo yote, hata yale ambayo fundi friji aliyakosea. Kisha mvua ya bandia ikarudi.

"Nani kauweka?"

"Mtu tu."

"Tunamjua?"

"Hatumjui."

Mkewe alinyoosha mkono kuurudisha wimbo. "Uache," mumewe alisema. "Upite kama nyimbo za watu."

Barua ya kukiri kosa iliondoka dakika kumi baadaye, yenye namba, tarehe na samahani mbili. Jibu lilikuja kesho yake, nalo lilianza na namba ileile ya kumbukumbu:

*Mheshimiwa Karani, barua yako imepokelewa. Malalamiko ya wafuasi ni mawili. Kichanga changu mwenyewe kiliamka, kikatoa macho, ila hakikulia. Wimbo nimeuondoa. Nimeuhamishia kwenye pleilisti yangu ya kuoshea vyombo, ambayo haina mfuasi ila mimi. Humo wimbo wenu ni wa tano. Nikiufikia, nakuwa kwenye masufuria.*

Alimsomea mumewe akiwa amesimama mlangoni. Mumewe alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu ambaye hakusikia vizuri. Mama Faili alizunguka kiti, akaketi upande wa kushoto, akaianza upya kuanzia namba ya kumbukumbu.