Bibi Alijua Kikombe Kina Sumu

Leo nimesalitiwa, jamani, na wala si na mwanaume.

Mchana ukungu wa huku kwetu milimani Dindira uliingia mpaka sebuleni. Mimi na bibi tumejifunika khanga moja, tunaangalia tamthilia yetu ya wafalme na majoka, ile iliyotafsiriwa Kiswahili.

Makubaliano yetu: hakuna kuangalia bila mwenzako.

Mdogo wake mfalme akamimina kinywaji, akampa kaka yake.

Bibi akanong'ona, "Hakuonja. Mwenyeji asiyeonja kwanza ana lake jambo."

Kweli! Mfalme akanywa, akaanguka taratibu kama jani. Nililia, huku nawaza, bibi yangu huyu ana macho ya ajabu.

Ndipo jirani yetu Mama Zaina akachungulia dirishani.

"Shikamoo, mama. Kumbe mnarudia ile tuliyoangalia jana?"

Jana! Mimi nikiwa sokoni Korogwe!

Bibi hata marahaba hakuitikia. Alikuwa anautazama ukungu, mbali kabisa, kama mtu aliye ndotoni. Kisha akamimina chai, akanisogezea kikombe kwa upole.

Nyie mngekunywa?

Nikakirudisha kwake.

"Bibi, onja kwanza."