Simile ya Mpasua Kuni

Mwaka ule wa hamsini na sita, mpasua kuni wetu wa Msimbazi alianza kila asubuhi kwa kulitoa shoka kwenye ndoo ya maji, lilikolala ili mpini uvimbe na chuma kisichomoke. Alilitikisa karibu na sikio, akasikiliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Kisha, kabla ya kila pigo, alipaza sauti, “Simile, nipisheni!” hata uani kukiwa hakuna kuku. Mimi nilimwona mwendawazimu. Siku moja jirani yangu Hyasinta, mjamzito wa miezi minane, akashindwa kuvumilia. “Baba, unampigia nani simile?” Akashusha shoka, akaliashiria tumbo la Hyasinta kwa kidevu. “Nauzoesha ulimi, mwanangu. Huyo wako akishajua kutembea, hatapiga hodi.”