Beringi Nzima ya Masii

Shemeji yangu, fundi, alifunga kifaa cha kupima mtetemo kwenye mashine yetu ya kusaga mahindi pale Masii, waya ukaingia kwenye kompyuta yake. Kila siku ya soko kompyuta ilidai beringi imeharibika. Tukaweka beringi mpya, ikadai vilevile. Nikakaa kando ya mashine kutwa, nimenuna. Kumbe kila mama, unga wake ukiisha kutoka, aliupiga mdomo wa mashine kwa kiganja, pa pa pa, asituachie hata chembe.

Shemeji akabandika tangazo: MARUFUKU KUPIGA MASHINE. Akina mama wakabeba mahindi yao wakaenda kwa jirani.

Siku hiyo kompyuta ikasema beringi ni nzima kabisa. Shemeji akanipa mkono wa pongezi, mashine ikizunguka tupu.